Mlango wa Upele Tu

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza leo asubuhi na mimi nimeanza daftari. Nimepewa na binti wa maktaba, ambaye ametugawia wazee wote na kusema tuandike lolote tutakalokumbuka msimu huu. Basi nianze na aibu, ili iishe mapema.

Jumamosi walibandika tangazo mlangoni pa maktaba: "Wazee na vijana, karibuni tuzungumze kuhusu rangi." Mimi nimepaka rangi miaka arobaini na sita. Nikasema, hatimaye mtaa huu umepata mtu mwenye akili. Nikavaa koti, nikabeba kadi zangu za rangi, brashi mbili, na kipande cha ubao kilichobabuka ili vijana waone kosa lilivyo. Nikakaa mstari wa mbele.

Binti wa maktaba akauliza, "Nani angependa kuanza? Rangi imeathiri vipi maisha yako?"

Nikasimama. Nikasema imeniharibia mapafu na magoti, hasa ile ya mafuta, na kwamba mafundi wa siku hizi hawapigi msasa. Nilizungumza kama robo saa. Hakuna aliyenikatiza, na kijana mmoja alikuwa akiandika. Nilipofika kwenye ukungu wa ukutani, mjukuu wangu wa chuo, ambaye ndiye anayerekodi kwa simu, akanivuta shati.

"Babu, rangi ya ngozi."

"Ya ngozi sijawahi kupaka," nikamjibu, na simu ikarekodi.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Nesi mstaafu, jirani yetu, ilibidi atoke nje akakohoe. Pekee ambaye hakucheka ni shemeji yangu Chokaa, kaka wa mke wangu, fundi rangi kama mimi, mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Alikuwa nyuma, mikono juu ya mkongojo. Alisema tu, "Endelea na ukungu, shemeji. Nilikuwa nafaidika."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Drafti na Chokaa barazani kuanzia saa kumi, kama kila siku. Kanifunga mbili. Mfereji wa bati wa maktaba umekatika na maji yanamwagika ukutani, pale pale karibu na mlango. Nitamwambia binti.

Jumamosi, 8 Machi

Leo neno lilikuwa "upendeleo." Mjukuu wangu aliuliza nani kati yetu aliwahi kupata upendeleo kwa sababu ya rangi yake. Swali hilo ni kama kuuliza nani kajamba. Ukumbi mzima ukatazama dari, na kwa bahati dari lilikuwa linavuja, kwa hiyo tulikuwa na sababu.

Mwishowe akanigeukia mimi. "Babu, wewe ni maji ya kunde. Babu Chokaa ni mweusi. Mlifanya kazi pamoja. Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Jengo hili hili la maktaba zamani lilikuwa Kilabu cha weupe. Mimi nilipaka ndani: kumbi, milango, ngazi. Chokaa alipaka kuta za nje, kwa chokaa na fagio.

"Nani alikuwa fundi zaidi?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

"Kwa nini basi wewe ndio uliingia ndani?"

Nikasema mkono wangu ulikuwa mtulivu. Nimekuwa nikisema hivyo tangu mtoto huyu hajazaliwa, na wala mama yake hajazaliwa. Akauliza kama nilikuwa na elimu kuliko Chokaa. Nikasema elimu gani, mimi kusoma nimejifunza baada ya kuoa, niliona haya mke kunisomea barua. Watu wakacheka, nikafurahi.

"Kwa hiyo ulikuwa na upendeleo," akasema.

"Mimi? Nilikuwa na ndoo moja na suruali moja!"

Hapo Nesi akaniokoa. Akasema, "Mwacheni mzee. Huyu ndiye aliyeandika Mlango wa Upele!" Ukumbi ukaripuka kwa makofi. Vijana hawakujua, basi nikasimama kuwasimulia, ingawa mtaa mzima unakijua kisa hiki kuliko shairi la shule.

Meneja wa Kilabu aliagiza maandishi mawili kando ya mlango wa mbele, moja kwa lugha yao, jingine kwa lugha yetu. La kwetu liandikwe MLANGO WA WEUPE TU. Sisi wengine tupite nyuma, kwenye mapipa. Likaandikwa MLANGO WA UPELE TU. Herufi tano kwa herufi tano, na Meneja hakujua kusoma lugha yetu. Kwa miezi minane waheshimiwa walipita mlango wa upele wamevaa tai, na mtu akiuliza wanakwenda wapi, anajibiwa, "Wanakwenda kujikuna."

Niliinama kidogo kama mwigizaji anayeaga jukwaa. Nilipoinua kichwa, kiti cha Chokaa kilikuwa kitupu. Alikwenda kuwahi chai, nadhani.

Nimemwambia binti kuhusu mfereji.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimefungwa tatu. Mjukuu amekuja kutazama, akauliza kwa nini mimi siku zote nachukua kete nyeupe. Nikamwambia kwa sababu nyeupe huanza. Akaandika kwenye simu yake! Siku hizi huwezi kupenga kamasi bila kuwa historia.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Nesi ndiye aliyezungumza. Kabla hajawa nesi, alikuwa akifua mashuka ya watoto wa weupe hospitalini kwa miaka sita, na hakuruhusiwa kumshika hata mtoto mmoja. Siku moja mtoto alianguka kitandani mbele yake. Alisimama akimtazama analia, mikono nyuma, hadi akaja mwenye ruhusa. "Mpaka leo," akasema, "mtoto akilia karibu nami, mikono hujificha yenyewe kwanza." Namjua Nesi miaka arobaini. Nilidhani hapendi watoto.

Nimemwambia binti kuhusu mfereji mara ya pili.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mvua. Soksi hazikauki. Mama watoto anasema daftari limenifanya niwe kimya, na anamshukuru aliyelitoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mjukuu leo aliuliza swali la kijinga mbele za watu. "Kwa nini Babu Chokaa anaitwa Chokaa?"

Nikajibu mimi, kwa kuwa jina nilimpa mimi. "Kwa sababu ni mweusi."

Nilisubiri kicheko. Sijui vijana wa siku hizi wanachekaga nini. Badala yake tukasikia matone kwenye ndoo tatu za maktaba, kila moja na sauti yake.

Mjukuu akamgeukia. "Babu, wewe unalipenda jina hilo?"

Chokaa akafikiri. Akanyoosha mguu wenye ugonjwa. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Kisha akaomba sukari.

Njiani nikamwambia, shemeji, si utani tu? Akasema ndiyo, utani. Akasema mvua inaongezeka. Akasema usiku mwema, na ilikuwa saa saba mchana.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia binti kuhusu mfereji mara ya tatu. Rangi karibu na mlango imeanza kuvimba kama lengelenge la moto ngozini. Nilibonyeza kwa kidole. Ndani ni maji.

Ijumaa, 25 Aprili

Imenyesha siku tisa mfululizo. Saa nne asubuhi mjukuu alikuja mbio bila viatu. "Babu, njoo! Ukuta umevua nguo!"

Nikaenda na mwavuli. Umati ulikuwa mlangoni pa maktaba. Rangi yote iliyopakwa kwa miaka sitini na moja ilikuwa imeshuka chini kama shati lililofunguliwa vifungo, na nyuma yake, nyeusi, imara, kama zimeandikwa jana, zilisimama herufi: MLANGO WA UPELE TU.

Watu walishangilia. Binti wa maktaba alilia, akanikumbatia, akasema asante Mungu hawakutengeneza mfereji. Akasema ukuta huo hautapakwa tena. Wataweka kioo, na tarehe kumi Mei kutakuwa na sherehe, na mimi nitaandika jina langu chini ya herufi zangu mbele ya watu wote. Nikasema ni heshima kubwa.

Chokaa alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, hana mwavuli. Nilimpungia. Hakupunga. Alikuwa anazitazama zile herufi kama mtu aliyemwona mwanawe akishuka kwenye basi.

Leo hakuja kucheza drafti.

Jumamosi, 26 Aprili. Hakuja.

Jumapili, 27 Aprili. Hakuja. Nimecheza peke yangu, nikafungwa.

Jumanne, 29 Aprili

Mama watoto ananipa chakula bila kusema neno. Nimeuliza kuna nini, akasema chumvi iko mezani. Ndoa yetu ina miaka hamsini na tisa. Najua tofauti ya kimya cha uchovu na kimya cha panga.

Ijumaa, 2 Mei

Mjukuu amekuja jioni. Akaweka simu mezani, imezimwa. Akachukua ubao wa drafti ambao Chokaa aliuchonga mwenyewe na kuuacha hapa tangu alipoacha kuja. Pembeni Chokaa ameandika kwa rangi: USIGUSE.

"Babu, tazama hii G."

Nikatazama. G ya Chokaa ina mkia. Unashuka, unajikunja, unarudi juu kama paka anayelala. Kila fundi ana herufi inayomsaliti.

Akanionyesha picha ya ukuta. MLANGO. G ile ile, mkia ule ule, paka yule yule.

"Tena, ulisema umejifunza kusoma baada ya kuoa," akasema taratibu. "Kilabu ulipaka kabla ya kuoa. Sasa uliandikaje?"

Nikamwambia miwani yangu haioni vizuri. Nikamwambia mafundi wote huandika G namna hiyo. Nikamwambia na yeye ana adabu gani kuchunguza wazee. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo nitawasha simu. Utasema utakalo, nami nitahifadhi utakalosema. Kila mtu atakayekuja baadaye atakujua kwa hilo." Akanibusu kichwani, akaondoka. Heri angenitukana.

Jumatano, 7 Mei

Nimeandika na kufuta. Acha niandike tu, daftari halina masikio.

Haukuwa mkono mtulivu. Siku ya kuchagua fundi wa ndani, Meneja alitupa kila mmoja kipande cha ukuta tupige mstari bila rula. Wa Chokaa ungeweza kuning'inizia picha. Wangu ulikuwa kama njia ya mlevi. Meneja hakuangalia kuta. Aliangalia nyuso zetu, akanielekezea mimi kidole. Nilijua siku ile ile. Nimetumia miaka sitini kuutuliza mkono huu kwa maneno.

Agizo la maandishi lilipokuja, la lugha yao nililinakili kutoka kwenye karatasi ya Meneja, kama mtu anayechora minyoo. La lugha yetu Meneja alilisema kwa mdomo tu, nami sikujua hata A. Nikamwendea Chokaa, aliyesoma hadi darasa la nne. Nikamwomba aniandikie yale maandishi ya kumfukuza yeye mwenyewe mlangoni. Sikuona ubaya. Nilimwona shemeji mtarajiwa ananisaidia kazi, basi. Alikuja alfajiri kabla ya mlinzi wa zamu kufika. Mimi nilishika ndoo. Alipomaliza akasema, "Soma." Nikasema, "Safi kabisa." Akacheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo kwa siku nzima mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa mwisho katika mji huu, ukiwatoa weupe, kujua kilichoandikwa.

Baada ya miezi minane karani mgeni akamtafsiria Meneja. Tukapangwa uani. Meneja akanipiga kofi la kwanza, akauliza ni herufi za nani. La pili. La tatu sikulisubiri. Nikanyoosha kidole.

Walimlazimisha Chokaa azifute kwa chokaa yeye mwenyewe, kisha akalala mahabusu wiki tatu. Hakurudi Kilabu tena. Mimi nilibaki ndani, kwenye ngazi, napaka.

Weupe walipoondoka, watu wakaanza kuuliza yule shujaa alikuwa nani, wakanitazama mimi niliyekuwa fundi wa ndani. Mwanzo sikudanganya, nilitabasamu tu. Baadaye nikaanza kudanganya. Baadaye zaidi nikaanza kuinama kama mwigizaji.

Nimemsomea mama watoto yote haya. Alikuwa anachambua maharage na hakuacha.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula mahabusu, baba watoto. Nilimwambia posa yako nairudisha. Akasema usirudishe, huyo kijana hana ubaya, ana woga tu, akikomaa atakuwa mume mzuri." Akatupa harage bovu. "Basi nangoja ukomae."

Jumamosi, 10 Mei

Ukumbi ulijaa hadi dirishani. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Chokaa alikuja, kwa sababu dada yake alimfuata nyumbani, akamvalisha viatu.

Tukatoka wote mlangoni. Binti wa maktaba akanikabidhi brashi namba mbili na kikopo cha rangi nyeusi ya mafuta. Mjukuu akawasha simu. Hakunitazama.

Nikasema, "Zamani Meneja alinipiga makofi, akauliza herufi hizi ni za nani." Watu wakaanza kutabasamu, wakidhani ni kile kisa. "Siku ya makofi ya mashavuni nilisema ni za shemeji yangu, akaenda kufungwa. Nyinyi mliponipigia makofi ya viganja, nikasema ni zangu. Zote mbili nilifanya kwa mdomo huu mmoja. Sikujua kusoma. Nilishika ndoo."

Hakuna aliyepiga kofi la aina yoyote. Nikaendelea kwa sababu ningenyamaza nisingerudi tena. Nikasema mstari wake ulikuwa umenyooka na wangu ulikuwa umepinda, na nikaingia mimi. Nikamwambia mjukuu wangu neno lile lake ni sahihi. Niliingia kwa ngozi, ndoo na suruali moja havikuhusika. Nikasema shemeji, nisamehe.

Kisha nikainama, nikaandika jina chini ya herufi. Si lile la utani. Jina lake alilopewa na mama yake. Sitaliandika humu, liko ukutani, anayelitaka aende akalisome.

Nilipomaliza nikasikia mkongojo unakuja. Akasimama nyuma yangu. Nikangoja chochote, hata fimbo.

"Herufi ya tatu imelala," akasema.

"Mkono haujatulia, shemeji."

"Haujawahi." Akaninyang'anya brashi, akaegemeza kiganja kwenye mkongojo, akaisimamisha ile herufi kwa mpigo mmoja. Miaka themanini na minne! Mstari uleule wa kuning'inizia picha. Ndipo watu wakapiga makofi, na nikageuka kuangalia yanakwenda kwa nani. Yalikuwa yanakwenda kwake.

Mjukuu akamsogezea simu. "Babu, walipokulazimisha uzifute, uliumia?"

"Nilicheka," akasema. "Walinipa chokaa. Fundi gani anapaka chokaa juu ya rangi ya mafuta? Haishiki. Nilijua tu ipo siku kutanyesha mvua ya maana." Kisha akanitazama mimi. "Hili lingine ndilo lililoniumiza."

Hakusema amenisamehe. Aliomba chai, akaomba na sukari, na nilimpelekea mimi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekatika. Binti ameleta fundi wa mfereji, sasa ndiyo kaona.

Saa kumi nikasikia mkongojo barazani. Alikuja mwenyewe. Akavuta kiti, akazigawa kete, akachukua nyeupe bila kuuliza. Mama watoto alichungulia mlangoni, akarudi jikoni akiimba, kitu ambacho hakijatokea tangu harusi ya binti yetu.

Nikamwamkia kwa jina lake. Miaka sitini sijalitamka, na ulimi ukajikwaa kwenye silabi ya pili.

Akaishikilia kete hewani. "Rudia," akasema, kama alivyokuwa akisema aliponifundisha herufi mwaka ule nilipomwoa dada yake. "Polepole."

Nikarudia.